Mfundishe mwanao kiini macho kabla tapeli hajamfundisha

Umeme ulikatika mtaani kwetu Biryogo jioni moja ya Jumamosi, na kama kawaida watoto wakakusanyika sebuleni kuzunguka mshumaa. Binti yangu mwenye umri wa miaka tisa aliomba sarafu ya faranga 100. Akaionyesha kwa kila mtu, akaihamishia mkono wa kulia, akafumba ngumi, akaipuliza. Alipofumbua kiganja, sarafu haikuwepo.

Wadogo zake walipiga makofi, lakini mgeni wetu hakupiga. Ni mama mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, ambaye kila akija Kigali kuuza hufikia kwetu, na safari hiyo alikuja na wanawe wawili.

"Papa, uyu mutoto iko na nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Kisha akawavuta wanawe karibu naye.

Nilicheka nikidhani anatania. Usiku ule alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, jambo ambalo hajawahi kulifanya nyumbani kwangu, na asubuhi nilimkuta anafunga mizigo wakati alipanga kuondoka Jumatatu.

Ndugu msomaji, mimi ndiye niliyemfundisha binti yangu mchezo ule, na sijutii. Ila kuna kosa nililifanya, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Mbuzi wawili stendi

Mimi ni mmoja wa wale tuliorudi. Nilizaliwa Karagwe, mkoani Kagera, wazazi wangu wakiwa wameikimbia Rwanda mwaka 1959. Mwaka 1996, nikiwa kijana wa miaka 19, baba alinituma kuuza mbuzi wawili ili tupate nauli na mtaji mdogo wa kuanzia maisha Kigali. Niliwauza kwa bei nzuri, lakini fedha hazikufika nyumbani.

Kwenye stendi ya mabasi ya mji mmoja nilikuta watu wamezunguka boksi lililopinduliwa. Kijana mmoja alikuwa akirusha karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu. Ukiipata nyekundu unalipwa mara mbili ya ulichoweka. Mbele yangu mzee aliyevaa koti alishinda mara mbili mfululizo. Karata nyekundu niliiona kwa macho yangu haya. Nikaweka fedha za mbuzi wa kwanza, zikaenda. Nikaweka za mbuzi wa pili ili nizirudishe za kwanza.

Nyumbani mama alisema nimerogwa. Shangazi akasema nimepuliziwa dawa. Baba hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko yote. Kwa miaka mingi nilishikilia maneno ya shangazi, maana ni afadhali mtu aonekane kapuliziwa dawa kuliko aonekane mjinga.

Ukweli niliupata hapa Kigali, Nyabugogo, kwa mfanyabiashara mwenzangu ambaye ujanani aliwahi kushirikiana na watu wa namna ile kabla ya kuacha. Alinionyesha polepole. Mkono mmoja hushika karata mbili, moja juu na nyingine chini. Mtazamaji hutegemea ya chini ndiyo iangushwe kwanza. Mchezaji huachia ya juu. Ni hivyo tu. Kuanzia hapo macho yako yanafuata karata isiyo yenyewe. Yule mzee wa koti naye alikuwa mwenzao, na ushindi wake ulikuwa chambo.

Tanzania mchezo huo huitwa karata tatu, Kenya huitwa pata potea, na Ulaya umekuwepo kwa karne nyingi. Popote ulipo, anayeibiwa ni yule anayeamini kwamba ameona.

Chuma ulete au noti iliyokunjwa?

Wale tuliokulia Tanzania tunalijua neno chuma ulete. Mahesabu ya jioni yasipolingana na mauzo, mwenye duka husema kuna mteja mwenye dawa aliyezivuta fedha kutoka kwenye droo. Nimeona majirani wakigombana na wasisalimiane tena kwa sababu hiyo.

Mke wangu anauza mchele na mafuta sokoni. Kuna kipindi alikuwa akikosa noti moja au mbili kila baada ya siku chache, na akaanza kumshuku mama mmoja wa jirani. Nikamwambia, kabla hatujamtuhumu mtu, tuangalie namna fedha zinavyohesabiwa.

Tapeli huchukua bunda la noti tisa za faranga 5,000, akakunja moja katikati na kuiingiza ndani ya bunda, ncha zake mbili zikitazama upande unaohesabiwa. Anayehesabu ncha haraka haraka huhesabu noti hiyo mara mbili. Mikono inasema 45,000, mdomo unasema 50,000. Mpakani, mahali ambapo kuna foleni, jua kali na fedha za nchi mbili au tatu, mchezo huu hauhitaji ufundi mkubwa.

Tangu siku hiyo mke wangu huzikunjua noti zote juu ya meza, akazihesabu upande huu, kisha akazigeuza na kuzihesabu upande wa pili. Upungufu ulikoma. Yule mama wa jirani hakujua kamwe kwamba alishukiwa, na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Masomo matatu ya sebuleni

Hapo ndipo nilipoamua kwamba wanangu watajua mambo haya wakiwa wadogo. Nilianza na sarafu. Mtoto anashika sarafu kwa ncha za kidole gumba na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia unakuja kana kwamba unaichukua, kidole gumba kikipita nyuma ya sarafu na vidole vinne mbele yake. Vidole vinapoifunika, mkono wa kushoto unaiachia idondoke kwenye kiganja chake wenyewe. Mkono wa kulia unafumba ngumi na kuondoka mtupu.

Vidole hujifunza kwa siku mbili tatu, lakini macho huchukua muda zaidi. Mtoto lazima atazame ngumi iliyo tupu kana kwamba ndiyo yenye sarafu. Akiutupia jicho mkono wa kushoto, kila mtu atautazama huo huo.

Si maneno yangu tu. Mwaka 2006 watafiti wawili nchini Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, waliwaonyesha watu filamu ya mtu anayerusha mpira mdogo juu na kuudaka. Mara ya mwisho alijifanya anaurusha huku mpira umebaki mkononi, ila macho yake yakapanda juu. Zaidi ya nusu ya watazamaji walisema waliuona mpira ukiruka. Waliona kitu ambacho hakikuwepo, kwa kufuata macho ya mtu mwingine.

Somo la pili ni yai. Weka glasi mbili za maji, moja ikiwa na chumvi nyingi iliyokorogwa mpaka ikayeyuka. Yai bichi litazama kwenye maji matupu na kuelea kwenye maji ya chumvi. Ongeza chumvi kijiko baada ya kijiko mpaka yai liinuke. Hapa mkono haudanganyi lolote. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu, basi. Mtoto anajifunza kwamba jambo linaweza kushangaza na bado likawa na sababu.

Somo la tatu ni lile la noti, na kwetu ndilo mtihani. Ninampa mtoto bunda la vipande vya karatasi na kumwambia ahesabu. Siku nyingine kuna kilichokunjwa, siku nyingine hakuna. Kijana wangu wa miaka saba sasa hunikamata kila mara, na anajisifu kwa mtaa mzima.

Wazazi huniuliza umri wa kuanzia. Mtoto wa miaka mitatu atafurahi kutazama, lakini kuficha hawezi. Mwaka 1983 watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto hadithi ya mvulana aliyeweka chokoleti kabatini, kisha mama yake akaihamisha bila yeye kujua. Wakaulizwa, mvulana akirudi ataitafuta wapi? Wadogo kabisa walitaja mahali ilipohamishiwa, maana kwao wanalojua wao kila mtu analijua. Wakubwa kidogo ndio waliosema ataitafuta alipoiacha. Kwa hiyo kabla ya miaka minne au mitano usimsumbue. Yai linamtosha.

Anayejua na asiyejua

Kuna wanaosema huu ni mchezo tu wa kupoteza muda. Historia ya bara letu inasema vingine. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mcheza mazingaombwe maarufu, Jean-Eugène Robert-Houdin. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wenyeji kwamba nguvu za Wafaransa zinazishinda za viongozi wao wa dini, ambao watawala waliwaona kuwa wachochezi wa uasi.

Alileta jukwaani sanduku dogo ambalo hata mtoto angeweza kulinyanyua. Kisha akamwita mwanamume mwenye misuli na kumwambia amemwondolea nguvu. Yule bwana alivuta mpaka akachoka, na sanduku halikusogea. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme iliyolishika sanduku, ikiwashwa na kuzimwa kwa amri.

Umeme ule haukuwa uchawi, lakini kwa mtu asiyeujua ulitosha kumvunja moyo. Tapeli wa stendi na mganga wa uongo anayetoa msumari mwilini mwa mgonjwa hutumia njia ileile.

Siri iliyotaka kutuponza

Sasa nirudi kwa mgeni wetu. Kosa langu lilikuwa hili: niliwafundisha wanangu kuficha, sikuwafundisha kufichua. Nilikuwa nimewaambia siri haitolewi, kama wanavyosema wacheza mazingaombwe wa majukwaani. Nilisahau tunakoishi na tunaoishi nao.

Kongo, jambo hilo si mzaha hata kidogo. Kinshasa, watoto wengi wanaolala mitaani walifukuzwa majumbani kwao baada ya kuitwa wachawi. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 iliweka adhabu kwa anayemtuhumu mtoto kwa uchawi. Mama yule hakuwa mjinga. Aliona jambo ambalo huko kwao lingeweza kumfanya mtoto alale nje.

Nilimwomba asubiri kidogo, nikamwita binti yangu.

"Mwonyeshe shangazi sarafu inakwenda wapi."

"Baba, si ulisema siri haitolewi?"

"Nilikosea. Mwonyeshe."

Alimwonyesha polepole, mara tatu. Kijana mkubwa wa mgeni akaomba kujaribu. Sarafu ikamdondoka mara mbili. Mara ya tatu ikabaki mkononi, naye akacheka mpaka mama yake akacheka. Kisha mama mwenyewe akanyoosha mkono akaiomba.

Tulipofika kwenye noti alinyamaza ghafla. Alichukua bunda la karatasi, akahesabu ncha, akakunjua, akahesabu tena.

"Kumbe njo ile walinifanyia ku mpaka," alisema.

Alikuwa amepoteza fedha za robo ya mzigo mwaka uliotangulia, na wakati wote huo alimshuku wifi yake. Jumapili hiyo mizigo ilifunguliwa. Aliondoka Jumatatu kama alivyopanga.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, kila mchezo umalizike kwa kufichuliwa, hasa mbele ya wageni na watoto wengine. Binti yangu sasa humaliza kwa maneno haya: "Ni mkono tu, si dawa." Watoto wa mtaa wamelizoea neno hilo, na wao huwaambia wenzao.

Pili, fedha ya mtu isiguswe. Sarafu iliyopotezwa lazima irudi kwa mwenyewe palepale, na kamari haichezwi hata kwa karanga. Mtoto akianza kuwalipisha wenzake, mchezo unasimama.

Tatu, wapo wazazi wenye shaka ya kidini. Siwezi kuwajibia. Waende wakamuulize sheikh au padri wao, wamweleze kwamba hakuna anayedai nguvu zozote na kwamba siri hutolewa palepale.

Nne, mtoto akikuuliza swali usilojua jibu lake, msitafute mchawi. Tafuteni pamoja mkono uko wapi.

Baba yangu alifariki bila mimi kumweleza zile fedha za mbuzi zilikwenda wapi. Angeishi ningemkalisha sebuleni, nikampa mjukuu wake karata tatu, na mzee angeona mwenyewe jinsi ya juu inavyoanguka kwanza.