Modeli za hali ya hewa zikipingana, mfanyabiashara afuate ipi?

WAFANYABIASHARA wa nafaka na wawekezaji wadogo wanaopanga manunuzi kwa kufuata utabiri wa hali ya hewa wanashauriwa kutotegemea modeli moja tu ya kompyuta. Tofauti baina ya modeli hizo ni kipimo kizuri cha hatari inayoukabili mtaji.

Modeli mbili ndizo zinazofuatwa zaidi katika masoko ya dunia. Ya kwanza ni ya kituo cha pamoja cha nchi za Ulaya (ECMWF), kilichoanzishwa mwaka 1975. Ya pili ni ya Marekani, iitwayo GFS, ambayo hutolewa mara 4 kwa siku, hutazama hadi siku 16 mbele na hupatikana bure. ECMWF nayo ilianza kutoa sehemu ya takwimu zake bila malipo mwaka 2022.

Zote hutumia kanuni zilezile za fizikia na sehemu kubwa ya vipimo vilevile vya setilaiti, meli na maputo. Zinachotofautiana ni namna ya kukadiria hali ya anga ya kuanzia na namna ya kupiga hesabu. Kosa dogo la leo hukua kila siku inayopita.

Mfano mzuri ni Kimbunga Sandy cha Oktoba 2012. Zaidi ya siku 6 kabla, modeli ya Ulaya ilionyesha kitageuka na kupiga pwani ya mashariki ya Marekani, wakati GFS bado ilikipeleka baharini. Sandy kilitua New Jersey Oktoba 29, na soko la hisa la New York likafungwa kwa siku 2.

Hata hivyo, aliyedhani kuanzia hapo Ulaya haikosei alipata somo Januari 2015. Modeli hiyo ilitabiri theluji nyingi mno katika jiji la New York, na treni za chini ya ardhi zikasimamishwa. Theluji iliyoanguka jijini ilikuwa pungufu sana ya iliyohofiwa. Safari hiyo GFS, iliyokuwa imetoa makadirio madogo, ndiyo iliyokaribia ukweli.

Kwa sababu hiyo, vituo hivyo haviendeshi hesabu moja. ECMWF hurudia utabiri wake mara 51, kila mara ikibadilisha kidogo hali ya kuanzia. Marekani hurudia mara 31. Majibu yakikaribiana, utabiri una uzito. Yakitawanyika, mfanyabiashara ajue kuwa hali haijatulia.

Hapa ndipo hesabu za biashara zinapoingia, hata kwa mtu aliye mbali na New York. Tuseme mfanyabiashara wa Kibaigwa, Dodoma, ameanika mahindi. Kukodi maturubai na vibarua ni sh. 300,000. Mvua ikimkuta bila kinga, atapoteza sh. 3,000,000. Gharama ya kinga ni asilimia 10 ya hasara, kwa hiyo inamlipa kufunika pale uwezekano wa mvua unapozidi asilimia 10. Majibu 10 kati ya 51 yakionyesha mvua kubwa, hiyo ni karibu asilimia 20: afunike, ingawa mengi yanasema kutakuwa kukavu. Yakiwa 2 tu, ni karibu asilimia 4, na fedha yake ibaki mfukoni.

Aidha, umbali wa siku uzingatiwe. Utabiri wa siku 1 hadi 3 unafaa kwa uamuzi wa kupakia au kusubiri. Wa siku 4 hadi 7 unafaa kwa maandalizi yasiyo na gharama kubwa, kama kuulizia bei ya lori au ghala. Zaidi ya siku 10, uchukuliwe kuwa mwelekeo tu, si msingi wa mkataba.

Ukanda wetu wa tropiki una ugumu wake. Mvua nyingi hutokana na mawingu ya radi yanayojengeka kwa saa chache katika eneo dogo, na modeli za dunia nzima hazioni vizuri mawingu hayo. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), zinazounganisha modeli na vipimo vya vituo vya hapa nchini, hazina budi kusomwa kwanza, na tahadhari ikitolewa iheshimiwe.

Mwenye mzigo asiulize tu kama mvua itanyesha. Aulize pia ni majibu mangapi yanasema hivyo, na akikosea atapoteza kiasi gani.