Unabadilisha Rimu? Jua Bei ya Zile za Zamani Kwanza

Umeona rimu mpya, roho imependa, na umeanza kuweka akiba. Lakini zile zilizo kwenye gari sasa utaziuza pesa ngapi? Wengi husema, "Fundi ataniambia." Shida ni kwamba mara nyingi fundi huyo huyo ndiye mnunuzi. Fanya hesabu yako kabla hujafika gereji.

1. Anza na bei ya leo

Tuseme ulinunua seti ya rimu nne kwa KSh 40,000 miaka mitatu iliyopita. Leo seti kama hiyo, ikiwa mpya, ni KSh 34,000. Sahau ile 40,000, mnunuzi haimhusu. Pigia maduka mawili matatu, iwe Kirinyaga Road au mtaani kwako, uulize bei ya mpya. Hiyo ndiyo bei ya juu. Kisha uliza muuza spea za mtumba atakupa ngapi leo leo. Akisema 16,000, hiyo ndiyo bei ya chini. Yako iko katikati: taja 24,000, na moyoni ujue hushuki chini ya 20,000.

2. Angalia kinachopandisha au kushusha bei

- Zinaingia magari gani? Rimu za 4x100, kama za Probox, zina wateja wengi. Saizi adimu hukaa sana bila kuuzwa.
- Kasoro. Mikwaruzo si ngori. Ufa au alama ya kuchomelewa ni hatari barabarani, kwa hivyo mwambie mnunuzi ukweli.
- Tairi. Kama zinaenda pamoja na rimu, soma tarakimu nne za mwisho za kodi ya DOT. 2321 ni wiki ya 23, mwaka wa 2021.
- Risiti. Spea za wizi ni nyingi. Mwenye risiti huaminika haraka.

3. Piga hesabu ya kuongezea

Rimu mpya KSh 60,000, kufunga na kubalansi 2,000, jumla 62,000. Toa 20,000 ya zile za zamani. Unahitaji KSh 42,000 kutoka mfukoni. Kama hauna, ngoja. Ukiuza kwa pupa ili ujazie, utapunjwa.

4. Pokea pesa kwa usalama

Hapa ndipo watu hulia. Mnunuzi anakuonyesha meseji ya malipo, unampakilia mzigo, akishaondoka unagundua pesa haikuingia. Meseji inaweza kughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe, kwa simu yako, kabla ya kufungua buti.

Pia kuna anayelipa kweli, kisha anaomba pesa irudishwe akidai alikosea namba. Andikianeni karatasi: kitu kilichouzwa, bei, tarehe, majina, sahihi na kodi ya muamala. Ikizuka ngoma, una ushahidi wa kupeleka huduma kwa wateja. Na mtu "aliyekosea" akikupigia akitaka umrudishie, usitume kitu. Mwambie afuate utaratibu rasmi.

Kwa zile mpya, usitume deposit kwa muuzaji ambaye hujawahi kuona duka lake. Kagua mzigo, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la duka, ndipo uweke PIN.

Na PIN yako? Hiyo hata fundi wako wa miaka kumi hapewi.