Sarafu ya 500 yashika soko dogo la Tibirinzi

CHAKE CHAKE, PEMBA. Ni vigumu kupata mahali kisiwani Pemba ambapo fedha ndogo hupita mikono mingi kwa siku moja kama katika viwanja vya Tibirinzi wakati wa sikukuu ya Idi. Watoto huteremka na gari kutoka pande zote za wilaya, mikononi wameshika sikukuu waliyopewa na wajomba, mashangazi na jirani. Wachuuzi huwa wamekwisha kupanga meza zao: ubuyu, kashata, malai, juisi, chipsi, maputo na magari ya plastiki. Kila kitu hapo huuzwa kwa bei ndogo, na kila bei ndogo huhitaji chenji.

Kwa mchuuzi wa Tibirinzi hilo la chenji si jambo dogo. Mwenye bidhaa nzuri lakini hana cha kumrejeshea mteja hupoteza mauzo kwa mwenye bidhaa ya kawaida aliye na mfuko wa sarafu. Mtoto hana subira ya kuambiwa “ngoja nikavunje”. Huenda meza ya pili.

Suala la kipi kinafaa zaidi kwa matumizi madogo, noti au sarafu, lilikuwa na pande mbili sawa hadi miaka michache iliyopita, kwa kuwa mia tano ilikuwa na sura mbili. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014, yenye picha ya Mzee Abeid Amani Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kibiashara kabisa: noti ya 500 ilikuwa ikizunguka mno kuliko nyingine, ikichakaa haraka, na ilikuwa hairudi benki kwa wakati ili ibadilishwe. Noti hiyo haikupigwa marufuku siku hiyo. Iliachwa itembee pamoja na sarafu kwa miaka zaidi ya kumi, hadi Benki Kuu ilipotangaza zoezi la kubadilisha noti za zamani kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Noti ya 500 ya toleo la 2010 ilikuwamo katika orodha. Tangu muda huo kwisha, si fedha halali tena kwa malipo, na noti ndogo kabisa mkononi mwa mnunuzi ni ya 1,000.

Kwa hiyo kila kitu chini ya elfu moja sasa kinalipwa kwa chuma. Faida na hasara zake hazimwangukii kila mtu kwa kipimo kimoja.

Wa kwanza kufaidika ni muuza samaki. Pale sokoni Chake Chake, au pembeni mwa diko la Wesha, mikono haikauki tangu asubuhi. Noti ikipita kwenye mikono hiyo mara mbili tatu hulegea, hunuka, na mwisho hupasuka katikati. Kila mchuuzi wa dagaa anajua ile noti ya 500 iliyounganishwa kwa gundi ya karatasi, ambayo mteja huitoa haraka ikiwa imekunjwa ili isionekane. Kuipokea ni hasara, na kuikataa ni ugomvi. Sarafu haina mjadala huo. Huoshwa kwa maji pamoja na kisu, ikaingia kwenye kopo.

Wa pili ni muuza kahawa na muuza maandazi. Hawa wanauza gizani, kabla ya jua kutoka au baada ya Isha, na sarafu hutambulika kwa kidole. Mia tano ni pana na nzito, na mkono uliozoea hauibadilishi kwa mia mbili hata taa ikizimika.

Anayelalamika ni yule anayebeba. Sarafu moja ya 500 ina uzito wa gramu 9 na nusu hivi. Mchuuzi aliyeuza bidhaa za shilingi 100,000 na kulipwa zote kwa sarafu hizo anarudi nyumbani na sarafu 200, yaani karibu kilo mbili za chuma. Kwa noti za 10,000 angekuwa na karatasi kumi tu. Mwanamke anayeweka fedha pindoni mwa kanga anaona tofauti hiyo waziwazi. Noti hukunjwa ikafungwa fundo, ikatulia. Sarafu tano zikifungwa hapo, fundo linavuta nguo na kugonga-gonga mwendo mzima, na likilegea zinaanguka moja moja njiani. Wanaume wenye mifuko ya kanzu nao hawana raha zaidi, kwa kuwa mfuko ukitoboka sarafu ndizo za mwanzo kuondoka.

Konda wa gari za Wete, Mkoani na Konde yuko katikati. Anapenda sarafu wakati wa kurudisha baki, hapendi wakati wa kuhesabu mapato jioni. Yeye ndiye benki ndogo ya mjini. Mwenye duka akikosa chenji asubuhi humwendea konda anayeingia stendi, na konda humpa sarafu akachukua noti kwa furaha.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo wachuuzi wengi hawalipigii hesabu. Wengi wanadhani kwamba mia tano ndiyo inayoendesha meza, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Hesabu inasema vingine. Chukua mteja mwenye noti ya 1,000, naye mchuuzi ana sarafu za 500 peke yake. Mchuuzi huyo anaweza kuuza kitu cha bei moja tu, mia tano. Kashata ya 300 haiuziki, labda ziuzwe mbili kwa mia tano, au bei ipandishwe. Sasa mpe mchuuzi huyo sarafu za 200 pamoja na zile za 500. Kitu cha 100, anarudisha 900 (500 na 200 mbili). Cha 200, anarudisha 800 kwa mia mbili nne. Cha 300 anarudisha 700. Cha 400 anarudisha 600. Cha 600 anarudisha 400. Cha 800, mia mbili moja. Anakwama mahali pawili tu: bei ya 700 na bei ya 900, ambazo zinadai mia moja. Maana yake ni kwamba mia mbili ndiyo inayofungua meza.

Na hiyo mia mbili, pamoja na mia moja, ndizo zinazopotea mwanzo. Mchana wa Idi mosi tayari meza nyingi zimebaki na mia tano na noti. Kuanzia hapo lugha hubadilika. “Mwanangu, sina mia mbili, chukua bazoka.” Mtoto anachukua, kwa kuwa ni mtoto. Mtu mzima anaambiwa apite baadaye. Wengine hupita, wengi husahau, na wapo wanaoona haya kurudi kudai mia mbili. Kwa upande wake mchuuzi mwenye roho nyepesi huachia: kitu cha 700 anakitoa kwa 500 na mteja anaahidi kuleta. Tuseme anaachia mia mbili kwa watu kumi kwa siku. Ni shilingi 2,000, na katika siku nne za sikukuu ni 8,000. Kwa meza ya ubuyu na malai hiyo si pesa ya kuchezea.

Anayeumia zaidi hata hivyo ni mnunuzi wa mwisho kabisa, mtoto aliyebaki na sarafu tatu za mia moja. Meza ikishahamia bei ya mia tano, yeye hana tena cha kununua. Bei imepanda bila sukari kupanda wala unga kupanda. Imepanda kwa sababu ya kukosa vipande vya chuma.

Vipande hivyo huenda wapi? Vingine vimo ndani ya vibubu. Sarafu haichakai, kwa hiyo ndiyo inayowekwa akiba na watoto, nayo hukaa humo mpaka kibubu kivunjwe, pengine Idi nyingine. Vingine viko kwenye makopo ya madukani, vimezuiliwa na mwenye duka anayejua thamani yake. Havirudi benki kwa haraka kwa sababu ni vizito kubeba na vinachosha kuhesabu. Ugonjwa ule ule ambao Benki Kuu ililalamikia kwa noti ya 500, kutorudi, sarafu nayo inao, ila yenyewe hairudi ikiwa nzima. Kwa Pemba kuna jingine: ni kisiwa, na tawi la Benki Kuu kwa Zanzibar liko Unguja. Fedha mpya huvuka bahari.

Msimu wa karafuu huongeza uzito wa jambo hili. Mwenye mikarafuu anapouza karafuu kavu kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, malipo yanakuwa ya makumi na mamia ya maelfu, na akitoa fedha taslimu anapata noti kubwa. Lakini mchumaji analipwa kwa pishi, na mchumaji huyo anataka kula mchana huohuo. Noti ya 10,000 inafika kwa muuza muhogo mwenye meza ya shilingi elfu tano, na muuza muhogo anaitazama tu.

Pemba si mgeni wa sarafu ndogo. Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, wachimbaji wa mambo ya kale waligundua mwaka 1984 hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vijisarafu vidogo vya watawala wa mwambao wa karne ya 11 hivi, pamoja na dinari chache za dhahabu. Wenyeji wa hapo walikuwa na kubwa ya biashara ya mbali na ndogo ya nyumbani. Sayyid Barghash naye alitoa pesa ya shaba mwaka 1882, yenye picha ya mizani, na jina hilo, lenye asili ya Kihindi, ndilo lililobaki midomoni kwa maana ya fedha yoyote. Baada ya Zanzibar kuingia katika Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1936, zilikuja senti zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi. Kwa fundo la kanga, hakuna iliyopata kuwa rahisi kuliko hiyo.

Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, sarafu ndogo kabisa ilikuwa senti 5 na noti kubwa kabisa ilikuwa shilingi 100. Leo mia hiyo ni sarafu, na kitu cha kununua kwa shilingi 50 ni cha kutafutwa kwa tochi. Noti ya mia ilibadilika kuwa chuma katika miaka ya 1990, ya mia mbili ikafuata mwaka 1998, ya mia tano mwaka 2014. Kila noti inayogeuka chuma imekwisha kushuka thamani kwanza. Anayetaka kujua noti ipi inafuata aangalie ipi inachakaa haraka sasa mikononi mwa wauza samaki, na jibu lake halihitaji mtaalamu.

Nchi nyingine zimepita njia hiyo hiyo. Uingereza ilileta pauni ya chuma mwaka 1983 ikaiondoa noti yake mwaka 1988, na watu wakazoea kwa kuwa hawakuwa na la kuchagua. Marekani iliacha noti ya dola moja ibaki pamoja na sarafu, na sarafu ikakosa wenyewe mpaka leo. Uganda ina sarafu ya 1,000 tangu 2012. Kinyume chake ni Kongo, ambako tangu faranga ya sasa ilipoanza mwaka 1998 soko dogo linaendeshwa kwa noti peke yake. Muuza ndizi wa Goma hutoa chenji kwa karatasi zilizochakaa hadi namba zikasomeka kwa shida. Anayelaumu uzito wa mia tano akumbuke hiyo.

Wapo wanaosema simu itamaliza mjadala. Kwa nauli ya Wete au kilo ya mchele, inawezekana. Kwa malai ya mtoto wa miaka saba, ambaye hana simu, na kwa meza ambayo makato ya muamala yanaweza kula faida ya kitu chenyewe, bado sana.

Mchuuzi anayejitayarisha kwa sikukuu Tibirinzi anafaa asianze siku na mia tano peke yake. Kwa chenji ya kuanzia ya shilingi 50,000, mgawanyo unaokwenda na hesabu iliyotajwa juu ni sarafu 50 za mia tano (25,000), sarafu 100 za mia mbili (20,000) na sarafu 50 za mia moja (5,000). Atafutie mapema, kabla ya wiki ya mwisho ya Ramadhani, kwa makonda na kwa wenye vibubu nyumbani, na bweta la fedha liwe la bati. Mfuko wa plastiki haufiki Idi pili.