Fahamu: Nani alichimba mahandaki ya Bigo?

Vita vya Ukraine vimerudisha mahandaki kwenye habari, lakini kuchimba ardhi ili kujilinda ni kazi ya kale. Nchini Uganda, kusini mwa mto Katonga, ipo Bigo bya Mugenyi: mahandaki na matuta ya udongo yenye urefu wa jumla unaozidi kilomita 10, mengine yamekatwa hadi kwenye mwamba. Wanaakiolojia huyakadiria kuwa ya kati ya mwaka 1300 na 1500. Simulizi za wenyeji huyahusisha na Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa katika simulizi hizo. Je, ilikuwa ngome? Labda. Ila kuulinda mzingo wote wa nje kungehitaji jeshi kubwa kweli, ndiyo maana baadhi ya watafiti wanaona ulifaa zaidi kuzuia ng'ombe, utajiri wa enzi hizo.