Baa, Chuo na Kura ya Kamati

Kwetu Waislamu, hukumu ya ulevi imekwisha kukatwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Lakini anayetaka kufungua baa mtaani haombi idhini kwetu. Huiomba kwa kaunti, kwani Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti utoaji wa leseni za pombe. Polisi wamebaki chini ya serikali ya kitaifa.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilikataza baa ndani ya mita 300 kutoka penye masomo ya watoto, na kuwauzia pombe walio chini ya miaka 18. Mswada wa kaunti ukifika mbele ya kamati, masharti ya namna hiyo hupigiwa kura na wawakilishi wachache. Hapo ndipo neno moja huongezwa au hufutwa.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, hata katika kamati zake. Basi kina mama, kikao kikitangazwa, twendeni. Tuombe mswada utaje madrasa kwa jina lake, isije ikadaiwa kuwa chuo si shule. Tukinyamaza, kimya chetu kitahesabiwa kuwa ridhaa.