Picha ya Kidonda Ina Mwenyewe

Mama anapomleta mtoto mwenye upele wa kutatanisha kwenye kituo cha afya cha kijijini kama Mutarule, katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, daktari wa kuulizwa huwa yuko mbali. Siku hizi muuguzi hutoa simu, akapiga picha na kuituma Uvira. Picha hiyo ni sehemu ya matibabu sawa na kipimo cha damu. Ikipigwa ovyo humpotosha daktari, na ikitumwa ovyo humwumiza mgonjwa.

Madaktari waliikumbatia kamera mapema. Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na kufikia 1845 Alfred Donné na Léon Foucault walikuwa wamechapisha michoro iliyotokana na picha za hadubini. Mwaka 1868 Alfred Hardy na A. de Montméja, wa Hospitali ya Saint-Louis mjini humo, walitoa kitabu cha picha za magonjwa ya ngozi. Ngozi ndiyo iliyohitaji picha kuliko kiungo kingine, maana ukiandika “upele mwekundu” kila msomaji huona wake. Katika vita dhidi ya ndui, wahudumu walipita nyumba kwa nyumba wakionyesha kadi yenye picha ya mtoto mgonjwa, wakiuliza kama kuna aliyeonekana hivyo. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Kwetu haja hiyo imerudi na mpox. Binadamu wa kwanza kujulikana kuugua ugonjwa huu alikuwa mtoto wa Kongo, mwaka 1970. Mwaka 2023 aina mpya ya kirusi ilizuka Kamituga, Kivu Kusini. Mwaka uliofuata Uvira nayo ilikuwa na wagonjwa, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Upele wa mpox huanza kama madoa bapa, ukainuka, ukajaa maji, kisha usaha, mara nyingi na kishimo katikati, mwishowe ukakauka na kufanya ukoko. Kwa kawaida vipele vya sehemu moja ya mwili huenda pamoja, ilhali vya tetekuwanga huchanganyika, vibichi na vikavu mahali pamoja. Picha ya kipele kimoja peke yake haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, na hata picha nzuri haichukui nafasi ya kipimo cha maabara.

Ndiyo maana tunapiga picha tatu: ya kwanza ionyeshe kiungo kizima, ya pili eneo lenye upele, ya tatu kipele kwa karibu. Kamera iukabili upele moja kwa moja, na rula iwekwe kando yake, isiuguse. Mwanga wa dirishani unafaa kuliko jua kali, na kuliko taa ya simu inayong'aa juu ya lengelenge na kuficha umbo lake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kuonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea, kwa hiyo piga pia ngozi nzima iliyo jirani ili daktari alinganishe.

Picha ya jeraha la kupigwa au kubakwa ina kazi ya pili: ushahidi mahakamani. Kongo inajua nguvu ya picha ya namna hiyo. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiutazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilisaidia kuamsha dunia dhidi ya utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kwa sababu ilijulikana ni ya nani, wapi na lini. Leo hii programu ya MediCapt, iliyotengenezwa na shirika la Physicians for Human Rights pamoja na waganga wa Kongo na Kenya, huiunganisha picha ya jeraha na fomu ya uchunguzi na kuilinda isionwe na asiyehusika. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ni miongoni mwa walioshiriki kuijaribu. Mutarule, ambako watu wasiopungua 30 waliuawa usiku wa tarehe 6 Juni 2014, haihitaji kuelezwa kwa nini ushahidi wa majeraha utunzwe vizuri.

Nguvu hiyohiyo ya picha ndiyo inayotia hofu. Picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp hairudi. Kufunika macho hakutoshi, kwa kuwa kovu, chale au kitenge humtambulisha mtu kijijini. Ridhaa iombwe kwa lugha ya mgonjwa, kwa mtoto iombwe kwa mzazi, na iandikwe kwenye fishi. Atakayekataa atibiwe vilevile. Picha ikishahifadhiwa inapostahili, ifutwe kwenye simu ya mhudumu.

Nawe msomaji, siku ukiona simu ikielekezwa kwenye mwili wako au wa mwanao, uliza: picha ni ya nini, ataiona nani, itawekwa wapi? Maswali hayo si utovu wa adabu kwa muganga. Ni haki yako, na yajibiwe kabla picha haijapigwa.