Mzee akisahau, usiseme ni umri tu

Je, mama yako amekuuliza swali lile lile mara tatu asubuhi moja? Usikimbilie kusema ni uzee, wala usimsingizie jirani kwamba amemroga. Huenda ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka wa 1906.

Ugonjwa huu huanza kimyakimya. Miaka 15 au 20 kabla ya dalili kuonekana, protini iitwayo amiloidi huanza kurundikana katikati ya seli za ubongo. Protini nyingine, tau, hujisokota ndani ya seli zenyewe, nazo hudhoofika na kufa. Sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya huwa miongoni mwa zinazoumia kwanza. Ndiyo maana mama atakusimulia harusi yake bila kukosea, ilhali hakumbuki kama amekunywa chai leo.

Zamani protini hizo zilithibitishwa mgonjwa akishakufa. Siku hizi hupimwa katika maji ya uti wa mgongo au kwa picha maalumu za ubongo. Mei 2025, Marekani iliidhinisha kipimo chake cha kwanza cha damu, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Si cha kila aliyesahau alipoweka miwani!

Hata pasipo kipimo hicho, mpeleke mama hospitalini mapema. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya thairoidi na huzuni ya muda mrefu pia huleta usahaulifu, na hayo yanatibika. Mweleze daktari hali hiyo ilianza lini, na ubebe dawa zote anazomeza.